Kivinjari cha Wenye Kompyuta Dhaifu

Wavuti ikizungumzwa, sifa humwendea Tim Berners-Lee aliyeibuni, kisha Marc Andreessen na Eric Bina, waliotoa kivinjari cha Mosaic mwaka 1993. Nicola Pellow hatajwi sana. Kwa maoni yangu, kati ya waliosanifu namna mtu wa kawaida anavyoitumia wavuti, yeye alitakiwa kutajwa mapema.

Pellow alifika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, mwishoni mwa 1990, akiwa bado mwanafunzi wa hisabati kutoka Leicester Polytechnic, Uingereza. Kivinjari cha Berners-Lee kilikuwa tayari, na kilikuwa kizuri: kina madirisha, kinatumia kipanya, na mtu aliweza kuuhariri ukurasa papo hapo. Tatizo lake ni kwamba kilikubali kompyuta za NeXT tu, mashine ghali ambazo hata pale CERN walikuwa nazo wachache. Wengine walikaa mbele ya skrini za maandishi matupu, zisizo na picha wala kipanya.

Pellow akapewa kazi ya kuwaandikia hao kivinjari chao. Mtu asiye na kipanya atachaguaje kiungo? Jibu lilikuwa namba. Kila kiungo kilifuatwa na namba yake ndani ya mabano. Unaandika 3, unabonyeza kitufe cha kuingiza, unafika. Ukurasa mrefu ulikatwa vipande vya kutosha skrini moja. Yeyote aliyewahi kupiga *150*00# kwenye simu ya kitochi ili atume pesa anaujua utaratibu huo. Sidai kwamba menyu za simu zilirithi kwake; ni kwamba kifaa kikiwa duni, namba ndiyo njia isiyomtupa mtu.

Kivinjari hicho kilitoka mwaka 1991, na kwa kuwa kilikubali karibu kompyuta yoyote, ndicho kilichoitoa wavuti kwenye meza za wenye NeXT. Pale CERN watu walikitumia kwa jambo dogo kabisa: kutafuta namba za simu za wenzao katika orodha ya kituo. Fizikia ilisubiri kidogo.

Kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: kilisoma tu, hakikuhariri. Mosaic nacho kilikuja hivyo hivyo, na wengi tukazoea wavuti ya kusoma kuliko ya kuandika. Hilo halimpunguzii Pellow. Alitumwa kufungua mlango, akaufungua. Baadaye alishirikiana na mwenzake wa CERN, Robert Cailliau, kutengeneza kivinjari cha kompyuta za Macintosh.

Nadhani alisahaulika kwa sababu kazi yake haina sura ya kuvutia. Mosaic kilionyesha picha katikati ya maandishi, na magazeti hupenda picha. Lakini picha peke yake haielezi kila kitu, maana Pei-Yuan Wei wa chuo kikuu cha Berkeley alitoa kivinjari cha ViolaWWW mwaka 1992, chenye madirisha na programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya ukurasa, naye pia hafahamiki sana. Kazi yake ilikuja kutumika mahakamani Texas, mwaka 2012, kampuni moja ilipodai kuwa wazo la programu hizo ni lake kwa mujibu wa hataza zake. Wei alitoa ushahidi, na baraza la mahakama likaamua kwamba hataza hizo hazikuwa halali.

Nacho kivinjari cha Pellow, CERN iliwaita wasanifu wa wavuti mwaka 2013 wakiunde upya, ili kifunguke ndani ya vivinjari vya leo.