Lindo Lisilo na wa Kulindwa

Mwaka 2018, miaka miwili kabla ya dunia kufunga milango kwa hofu ya Korona, Ling Ma, mwandishi wa Marekani mzaliwa wa China, alitoa riwaya iitwayo Severance. Sisi tuvaao sare tuna la kujifunza humo.

Homa ya kuvu yazuka Shenzhen, China, na kuenea duniani. Mgonjwa hafi papo hapo. Hurudia kazi aliyoizoea, bila fahamu, hadi mwili umwishie. Familia yaandaa meza na kula sahani tupu. Mwuza duka akunja nguo zisizo na mnunuzi.

Candace Chen, mfanyakazi kijana wa ofisi jijini New York, husimamia utengenezaji wa Biblia zinazochapwa China. Wakazi wanauhama mji. Yeye atia sahihi mkataba wa malipo manono, abaki ofisini hadi tarehe iliyowekwa. Simu hazilii, naye bado aripoti kazini. Msomaji hujiuliza: mgonjwa ni nani?

Kizazi chake kiliahidiwa kwamba elimu na bidii vingezaa maisha yenye maana. Kilichopata ni mshahara na kodi ya nyumba.

Askari naye hubaki mahali pake wengine wakimbiapo. Lakini hakai lindoni kwa ajili ya saa za zamu. Hukaa kwa ajili ya raia waliolala nyuma yake. Ofisi ile haikuwa na wa kulindwa. Basi kamanda asitoe amri tu. Amweleze kuruta shabaha yake. Utii usiojua shabaha hauko mbali na homa ile.