Kurekodi Televisheni kwa Shilingi 3,600

Dadangu alinipigia simu Jumamosi moja. Mwanawe ana miaka 15, jioni yuko kwenye vitabu, na kipindi anachokipenda huanza saa moja na nusu, saa ambayo mama hataki kusikia televisheni. Wamekubaliana kipindi kirekodiwe, kijana akitazame Jumapili. Sasa wanunue nini, na bajeti ni shilingi 5,000?

Enzi zetu jibu lingekuwa deki na kanda tupu. Deki zimekwisha, Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki ikiziunda, iliacha mwaka 2016.

Kijana mwenyewe alitaka simu na bando. Nilimpigia hesabu: video ya ubora wa wastani hula kama nusu gigabaiti kwa saa. Vipindi vitano vya nusu saa kila wiki ni gigabaiti tano hivi kwa mwezi, na mwezi ukiisha unanunua tena. Isitoshe, simu mkononi mwa mtoto wa miaka 15 wakati wa kusoma ndiyo hasa mama anayoikimbia. Shangazi yake aliye Leicester, Uingereza, naye akajitolea kutuma kinasa cha Freeview, televisheni ya bure ya huko, kilichokaa tu kabatini. Nikamwomba asihangaike. Vingi vya zamani vya aina hiyo hupokea mawimbi ya DVB-T pekee, ilhali Kenya tunarusha kwa DVB-T2. Kingefika, kiwashwe, kisione chaneli hata moja.

Zikabaki njia mbili za maana.

Ya kwanza ni king'amuzi cha kulipia chenye diski ndani, mfano Explora ya DStv, ambayo toleo lake la kwanza la 2013 lilikuwa na diski ya terabaiti 2. Ni chombo kizuri, sikidharau. Lakini king'amuzi chenyewe tu kingeimeza bajeti ya dadangu, bado dishi na fundi, halafu kila mwezi kuna kifurushi. Tena ulichorekodi kimefungwa kwa kufuli: hukihamishi kwenye kompyuta wala televisheni ya jirani. Kama nyumbani tayari mnalipia mpira na filamu, sawa. Kumnunulia kijana kwa ajili ya kipindi kimoja cha chaneli ya bure, hapana.

Ya pili ni king'amuzi cha kawaida cha chaneli za bure, chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi kwenye flashi. Luthuli Avenue, Nairobi, nilitajiwa 2,800. Flashi ya gigabaiti 32 ikawa 800. Jumla 3,600, na hakuna cha mwezi. Picha ya kawaida hula takriban gigabaiti moja kwa saa, kwa hiyo flashi hiyo inabeba zaidi ya saa 25. Picha ya HD hula mara mbili au tatu ya hapo. Hakuna haja ya diski kubwa ya nje, tena ving'amuzi vingi havina nguvu ya kuizungusha. Utaisikia ikilia tik-tik, kisha kimya.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuliwa. King'amuzi changu cha kwanza kilikuwa na tundu la USB, nikadhani ndio basi. Kumbe lilikuwa la kuchezea nyimbo na filamu tu. Kitufe chekundu cha rimoti nilikibonyeza mpaka kikafifia. Kwa hiyo safari hii nilimwambia muuzaji achomeke antena na flashi palepale kaunta. Akabonyeza REC, nukta nyekundu ikatokea pembeni mwa skrini, tukapiga soga kama dakika mbili, akasimamisha, akafungua faili. Picha ikaja na sauti yake. Ndipo nikatoa pesa.

Kasoro zipo. Kwa kawaida king'amuzi cha bei hii kina kipokezi kimoja. Kikirekodi Citizen, unaweza kutazama NTV au KTN kwa kuwa zote zimo kwenye mtambo mmoja wa kurushia, ADN. Ukitaka KBC, iliyo kwenye mtambo mwingine, Signet, itabidi usubiri. Stima ikikatika katikati, kipindi hicho huenda kikaharibika. Na ukizima soketini ili kuokoa tokeni, hakuna kitakachorekodiwa. Kizime kwa rimoti, taa ndogo nyekundu ibaki ikiwaka.

Halafu kuna saa, ambayo kitabu cha maelekezo hakikuambii. Kijana wetu alipanga kurekodi kipindi cha saa moja na nusu jioni. Akaandika 01:30. Jumapili alikuta mahubiri ya usiku wa manane, nusu saa nzima. Mashine haijui saa ya Kiswahili: saa moja na nusu jioni kwake ni 19:30. Kabla ya hapo hakikisha mipangilio ya muda iko GMT+3, maana ving'amuzi vingine hutoka kiwandani na saa ya nchi nyingine. Weka pia dakika tano za ziada mwanzoni na kumi mwishoni. Vituo vyetu na ratiba haviivi chungu kimoja.

Kwa kijana anayetazama chaneli za bure, basi, nunua king'amuzi cha kawaida na flashi. Ila ukienda Luthuli, beba flashi mfukoni. Muuzaji akikataa kuijaribu mbele yako, vuka barabara. Duka jingine liko hapo.