Beseni Unaloweza Kulimwaga Peke Yako

Bata hula kwa maji kama mtu wa Kampala anavyokula matoke kwa mchuzi wa karanga. Pumba kidogo, kisha maji. Konokono, kisha maji. Mdomo wake una vijimeno laini pembezoni vinavyochuja chakula na kuacha maji yapite, na pumba kavu zikinasa humo hana njia ya kuzitoa ila kuusuuza mdomo karaini. Ndiyo maana maji yaliyomiminwa asubuhi yakiwa meupe huwa yamekuwa mazito na ya kijivu kabla hujamaliza chai. Mfugaji mgeni huwalaumu bata, au hukimbilia duka la dawa za mifugo kuulizia kitu cha kutia. Hakuna cha kutia. Maji ya bata humwagwa, na kila swali la maana kuhusu usafi wake ni swali la kumwaga: mara ngapi, nani atamwaga, na wapi.

Tuanze na anachohitaji bata. Anahitaji maji ya kunywa, na anahitaji kina cha kuzamisha kichwa chote, pua na macho pamoja. Sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Akinyimwa kina hicho pua huziba, macho hujaa tongotongo na kope hugandana. Ukiona povu kwenye kona ya jicho la bata, kikague chombo chake kwanza. Kuogelea ni jambo jingine. Bata walio wengi katika nyua za Kampala ni wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele bali hufoka kwa sauti ya chini, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hao hawategemei maji kama bata wengine. Hupenda kupanda juu ya uzio na matawi ya miti, na huishi vizuri bila bwawa. Wakipata beseni la kuogea, manyoya yao hukaa safi, nao wameridhika.

Nasisitiza hilo kwa sababu makosa makubwa huanza na jembe. Mtu anachimba shimo la mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 40, anatandika nailoni au anasakafia kwa saruji, anajaza. Hizo ni lita 1,200, yaani jerikani 60. Wiki ya kwanza watoto wa jirani huja kutazama. Wiki ya tatu maji ni ya kijani na yananuka, na hakuna mtu nyumbani aliye tayari kuchota jerikani 60 kuyatoa na kubeba nyingine 60 kuyarudisha. Basi yanaachwa. Sasa chukua beseni la lita 20 la kuogea, linalobadilishwa kila siku, na chombo cha lita 10 cha kunywea kinachobadilishwa asubuhi na alasiri. Kwa bata wanne ni jerikani 2 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 1,200 zilezile. Maji ya kujaza shimo mara moja huendesha beseni mwezi mzima, na mtu mmoja hulipindua beseni bila kuita msaada.

Chombo cha kunywea hakihitaji kununuliwa. Jerikani kuukuu hukatwa tundu ubavuni, kubwa kiasi cha kupitisha kichwa na shingo lakini si mwili, na ukingo wa tundu husawazishwa kwa kisu kilichopashwa moto ili usimkwaruze ndege. Bata atazamisha kichwa, atakunywa, atasuuza pua, ila hawezi kuingia na kunyea humo. Kiweke juu ya fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, na chini ya wavu chimba shimo dogo ujaze kokoto, ili maji yanayorushwa yapotelee huko badala ya kuwa tope la kuchezewa. Chakula kikae hatua mbili tatu kutoka majini. Kisikae mbali zaidi ya hapo, kwa maana bata anayekula pumba kavu bila maji karibu anaweza kukabwa. Kwa sababu hiyohiyo, ukiondoa maji bandani usiku ondoa na chakula. Mimi napendelea kuviondoa vyote viwili. Kinyesi cha bata tayari ni maji matupu, na maganda ya kahawa tunayotandika mabandani yakilowa usiku kucha huota ukungu, ambao mapafu ya bata hayauvumilii. Kwa vifaranga, tia mawe safi ndani ya chombo ili wazamishe vichwa bila kuzama wao wenyewe. Kifaranga aliyelelewa bila mama manyoya yake hayana mafuta ya kutosha na hulowa hadi ngozini.

Na likiachwa lile shimo, ndani yake hutokea nini? Kinyesi kina naitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani mdogo wa kijani. Jua la ikweta likiupiga, mwani husitawi, hufa, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni yote ya majini. Harufu mbaya unayoisikia ni dalili kwamba oksijeni imekwisha. Tope lisilo na hewa, lenye majani yaliyooza au mzoga wa panya, ndilo makazi ya bakteria wa botulizimu. Sumu yao hulegeza misuli: bata hushindwa kusimama, kisha hushindwa kuinua shingo, na akiwa majini huzama. Funza walio kwenye mzoga huibeba sumu hiyo bila kudhurika, na bata hupenda funza. Kwa hiyo mzoga wowote uondolewe siku hiyohiyo. Mbu nao wana hesabu yao. Tangu yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua kama wiki moja au zaidi kidogo katika joto letu, na beseni linalopinduliwa kila siku halimpi nafasi. Kweli bata hula viluwiluwi, ila hawavimalizi vilivyojificha kwenye nyasi za ukingo wa shimo.

Wengine hutia klorini. Klorini kwenye maji machafu huishia kupambana na pumba na kinyesi, ikaisha kabla ya kuwagusa bakteria wenyewe, na ukiongeza hadi iwaguse unamchoma bata macho. Mahali pake ni kwenye chombo kitupu: sugua kwa brashi na sabuni, suuza, kisha pitisha klorini iliyochanganywa na maji, suuza tena, anika juani. Brashi hiyo isikae jikoni, na chombo kisioshewe kwenye karo la vyombo vya chakula, kwa kuwa bata mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela.

Maji ya bomba hayana tatizo kwa bata. Ya mvua ni bora zaidi kwa mfuko: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 20 kwenye kijipaa cha mita 3 kwa 4 huleta karibu lita 240. Acha tu dakika za mwanzo zioshe vumbi na kinyesi cha ndege wa angani. Maji ya ziwa siyapendekezi. Mfereji wa Nakivubo hukusanya uchafu wa katikati ya jiji na kuupeleka ziwani, kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, ambako mwani wenye sumu huonekana, na wakazi wa Ggaba na Luzira wanaoachia bata wao waende ufukweni huwaachia pia wakutane na ndege pori. Januari 2017 serikali ilitangaza mafua ya ndege aina ya H5N8 baada ya ndege pori kufa Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, na virusi vikapatikana pia kwa bata na kuku wa kufugwa wilayani Masaka. Kenya ilifunga mpaka kwa kuku wa Uganda. Virusi hivyo hutoka na kinyesi na hudumu majini, na bata anaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili. Ndege kadhaa wakifa kwa mpigo, usiwachinje wala usiwaguse mikono mitupu. Mwite ofisa wa mifugo.

Linabaki swali la wapi, na jibu lake linategemea kama uko kilimani au bondeni. Kwenye miteremko ya Muyenga au Makindye udongo mwekundu hunyonya upesi, na maji ya beseni ni mbolea nzuri kwenye mashina ya migomba. Badilisha shina kila siku. Usiyamwagie mboga za kuliwa mbichi, na usiyamwage karibu na chemchemi: watu walio chini ya mlima wanateka humo, na chemchemi nyingi za Kampala tayari zimelemewa na vyoo vya shimo. Bwaise na Kalerwe ni habari nyingine. Maji ya ardhini yako karibu kabisa na uso, shimo la kokoto hujaa lenyewe msimu wa mvua, na unachomwaga nyuma ya banda lako kinatokea mlangoni kwa jirani. Jiji lilitunga sheria ndogo za ufugaji mwaka 2006, lakini jirani hulalamika kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) kwanza. Kwa uwanja wa namna hiyo ningeanza na bata wawili na jerikani iliyokatwa tundu, bila beseni la kuogea, nikaona kama ardhi inameza lita 10 kwa siku mwezi wa Aprili. Ikizikataa Aprili, wa tatu asinunuliwe.