Jahazi la kilobaiti 4

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja na kompyuta kuukuu akalalamika, "Mjomba, kwa hii sitajifunza kuandika programu." Nikamwonyesha js13kGames.

Haya ni mashindano ya mtandaoni yaliyoanzishwa na Andrzej Mazur wa Poland mwaka 2012. Kila mwaka, Agosti 13 hadi Septemba 13, washiriki hupewa mada na kuunda mchezo kwa JavaScript. Sharti lake gumu: ukishaufunga kwenye faili la zip, usizidi baiti 13,312, yaani kilobaiti 13. Picha moja ya harusi mnayotumiana WhatsApp huzidi hapo mara kadhaa!

Sasa picha na muziki vitakaa wapi? Hubebi picha ya jahazi, waiandikia kompyuta maagizo: mstari hapa, pembetatu ya tanga pale. Sauti nayo huundwa kwa hesabu. Majina marefu ndani ya programu hufupishwa yakawa herufi moja, na zip hubana yale yanayojirudia. Kuazima kitu kutoka intaneti mchezo ukiendelea ni marufuku.

Kwa hivyo walimu wa skuli zetu, msingoje maabara mpya. Kompyuta yoyote yenye pa kuandikia na kivinjari yatosha, na bando haliliwi wakati wa kuandika. Likizo ya Agosti vijana wanashinda barazani na simu, wapeni hili.

Mpwa wangu ameanza na jahazi. Jana lilifika kilobaiti 4, na bado halijui kugeuka.