Muuguzi Mgeni Mjimwema

Muuguzi anayepangiwa Kituo cha Afya Mjimwema, katika Manispaa ya Songea, huenda akawa hajawahi kukanyaga mkoa wa Ruvuma. Nchini Marekani wapo wauguzi wanaohamahama kwa mikataba mifupi, mingi ikiwa ya wiki 13, na mawakala ndio huwatafutia nafasi. Tanzania mambo ni tofauti: Serikali hutangaza ajira, mwombaji hupangiwa halmashauri, naye hutarajiwa kukaa miaka.

Safari ya kazi huanzia ofisi ya Mkurugenzi wa Manispaa, ambako hukaguliwa barua ya ajira, vyeti halisi na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Leseni haina mjadala, kwani Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni. Mshahara wa kwanza husubiri jina liingizwe kwenye orodha ya malipo, hivyo ni busara kufika na akiba ya kodi ya chumba na chakula. Sweta nayo isisahaulike: Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake ni ya kweli.

Wodini, kinachomtatiza mgeni si ugonjwa. Malaria, nimonia ya watoto na kifafa cha mimba alifundishwa chuoni. Asichokijua ni kituo chenyewe: dawa za dharura ziko kabati lipi, nani ana funguo usiku, gari la wagonjwa huitwa kwa utaratibu gani, vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, hujazwa saa ngapi. Ndiyo maana kupokezana zamu kunastahili uzito mkubwa kuliko jambo lolote la wiki za mwanzo. Anayeingia na anayetoka wapite kitanda kwa kitanda, wasome faili, wahesabu dawa. Mgeni anayeona haya kuuliza humhatarisha mgonjwa.

Kuhusu rufaa, Mjimwema ina nafuu, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini humo humo. Mwenzake aliyeko zahanati ya mbali Tunduru au mwambao wa Ziwa Nyasa hulazimika kuamua mapema zaidi, mama mwenye uchungu akiwa bado na nguvu za kusafiri.

Kisha zipo huduma za mkoba, ambapo muuguzi huwafuata watoto na wajawazito karibu na makazi yao. Chanjo hubebwa katika kasha la baridi lenye kipimajoto, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto huziharibu, na baridi iliyopita kiasi pia: chanjo ya pentavalenti ikiganda haifai tena, kwa hiyo vipande vya barafu huachwa kwanza vianze kuyeyuka. Chupa ya surua au ya BCG ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, na inayobaki hutupwa. Hapo wenyeviti wa mitaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huwa msaada mkubwa, maana kina mama wakipewa taarifa mapema hufika pamoja na dawa haipotei.

Kiswahili kinatosha kwa wengi, ila mzee Mngoni, Mmatengo au Myao huweza kueleza maumivu yake vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani. Aanziwe na shikamoo, asikilizwe bila haraka, na mkalimani awe mtumishi wa kituo badala ya mjukuu, hasa kwa mambo ya siri ambayo mzee hawezi kuyataja mbele ya mtoto.

Mwajiriwa mpya hutumikia kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Akitaka kuhamia kwingine, ombi lake hupitia kwa mwajiri, na hubaki kituoni hadi apate kibali.