"Tutashusha riba": ahadi hii inagusaje deni lako la kadi?

UZI. Kila mdahalo lazima mmoja aseme "tutashusha riba", ukumbi upige makofi, halafu waende kwa swali lingine. Hebu tukae hapo kidogo, maana wengi mnaosoma hii mna deni.

Mimi pia nilikuwa nalo. 60,000 kwa kadi ya mkopo: karo ya Januari na vitu vya nyumba. Riba 3% kwa mwezi, nikaona ni kidogo. Nikawa nalipa 3,000 kila mwezi nikidhani deni linapungua kwa 3,000. Wapi! Mwezi wa kwanza 1,800 ilienda kwa riba, 1,200 pekee ndiyo ikapunguza deni. Kwa mwendo huo ningemaliza baada ya miezi 31, na riba ya 33,000 hivi juu.

Sasa badilisha namba moja moja. Riba ikishuka hadi 1.5% na ulipe ile ile 3,000, unamaliza kwa miezi 24, riba kama 12,000. Sacco ikikupa mkopo wa 1% kwa mwezi ulipe kadi yote, riba inakuwa 7,300 hivi.

Na ukibaki na kadi ya 3% lakini uongeze elfu moja tu, yaani 4,000 kwa mwezi? Unamaliza mwezi wa 21. Riba ni karibu 21,000, ni kweli, lakini unatoka mapema kuliko yule aliyekatiwa riba nusu. Hiyo hakuna mgombea atakuambia, haina makofi.

Mimi nilienda sacco. Kadi nikaifungia kwa droo, kwa sababu kadi nyingi ukishabeba deni la mwezi uliopita, hata unga unaonunua leo unaanza kuzaa riba hapo hapo.

Angalia pia riba inahesabiwa vipi. 60,000 ya mwaka mmoja kwa 12% "flat" ni riba ya 7,200. Hiyo hiyo 12% kwa salio linalopungua ni kama 4,000. Namba ni moja kwa bango, mfukoni ni mbili. Uliza kabla ya kuweka sahihi.

Turudi kwa siasa. Kenya tulishajaribu kufunga riba kwa sheria. Kuanzia Septemba 2016 benki hazikuruhusiwa kupita asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia. Halafu benki nyingi zikaona heri kununua hati za serikali kuliko kumkopesha mama wa kibanda kwa bei hiyo. Aliyekuwa na mshahara na dhamana alifaidika. Wengine waliambiwa "subiri tutakupigia". Novemba 2019 kikomo kikaondolewa.

Na kilihusu benki, si apu za mikopo. Hapo kuna neno linaitwa "ada". Mkopo wa simu wa ada ya 7.5% kwa siku 30 unaonekana rahisi, lakini ukiuchukua kila mwezi mwaka mzima umelipa 90% ya ulichokopa. Haiitwi riba, ndio maana mjadala wa riba hupita juu yake.

Kuna sheria nyingine hutajwa mara chache. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakwama, riba inayoongezwa haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Lilikwama kwa 60,000? Mwisho ni 120,000, na juu yake gharama za kudai. Benki ikikudai 200,000 kwa deni hilo, omba taarifa ya akaunti mstari kwa mstari. Na kanuni za 2022 zinakataza apu kupigia watu walio kwa simu yako kuwaambia unadaiwa. Wangapi hapa walipigiwa shangazi?

Kwa hivyo mheshimiwa akisema tena "tutashusha riba", swali la kumtumia ni hili: ya benki pekee, ama na ada za simu? Na yule ambaye benki itamkataa kwa bei hiyo mpya, atakopa wapi?