Magurudumu Yote Yanavuta, Lakini Breki ni Zilezile

Kila msimu wa baridi hapa Minnesota, theluji kubwa ya kwanza huja na taarifa yake. Polisi wa barabarani wa jimbo hutangaza idadi ya ajali, idadi ya magari yaliyoserereka hadi mtaroni, na malori yaliyojikunja katikati ya barabara. Ukipita barabara kuu ya I-94 siku hiyo utaona jambo linalowashangaza wageni: mtaroni yamo pia magari ya 4x4, yaleyale ambayo wenyewe waliyanunua hasa kwa ajili ya theluji.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kuyaamini magari haya. Kwetu, barabara ya udongo ikishanyeshewa, Land Cruiser hupita pale gari dogo lilipokwama. Wakenya wengi waliipenda Subaru kupitia Safari Rally, hasa miaka ya 1990 Patrick Njiru alipokuwa akiiendesha. Kwa hiyo mtu akifika Minneapolis, Toronto au Oslo na kuambiwa theluji itakaa miezi kadhaa, jibu analo tayari: nitanunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, basi nimemaliza. Imani hiyo ina historia, na ukiifuatilia utaona mahali inapotupoteza.

Sifa ilikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, lilihitaji gari la kuwafikisha mafundi kwenye nyaya za milimani wakati wa theluji. Magari aina ya jeep yalifika, lakini yalikuwa na baridi na yalichosha. Ndipo gari la kawaida la Subaru likaunganishwa ili magurudumu ya nyuma nayo yavute. Mwaka 1972 Subaru Leone ya namna hiyo ikaanza kuuzwa kwa umma.

Majira ya baridi ya 1976 na 1977, wahandisi wa Audi walikuwa Finland wakijaribu magari. Mmoja wao, Jörg Bensinger, aliona kwamba Volkswagen Iltis, gari la kijeshi lenye injini ndogo, liliyaacha nyuma kwenye theluji magari yenye nguvu kulizidi. Kutokana na hapo ikazaliwa Audi quattro, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1980. Mwaka uliofuata Michèle Mouton aliiendesha hadi ushindi wa Sanremo, akawa mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya mashindano ya dunia ya rali. Mwaka 1986 Audi walitengeneza tangazo la gari lao likipanda mnara wa kurukia kwa skii huko Kaipola, Finland, na mwaka 1987 Hannu Mikkola akashinda Safari Rally yetu kwa Audi 200 quattro.

Yote hayo ni kweli, na wahandisi hao wanastahili heshima yao. Lakini tazama kilichokuwa kikipimwa kila mara: kufika kileleni, kuondoka bila kukwama, kutoka konani kwa kasi. Dereva wa rali alikuwa na barabara iliyofungwa, msaidizi wa kumsomea kona, na tairi zilizochaguliwa kwa ajili ya barabara hiyo. Wewe jioni ukitoka kazini una lori mbele yako na taa nyekundu inayokusubiri.

Kazi ya mfumo inapoishia

Gari linalovuta kwa magurudumu mawili huzibebesha tairi mbili nguvu yote ya injini. Kwenye theluji tairi hizo huzidiwa na kuzunguka bure. Ukiigawa nguvu hiyo kwa magurudumu manne, kila tairi hubeba kidogo na gari huondoka. Namna za kuigawa hutofautiana: kuna magari yenye difu ya katikati inayofanya kazi wakati wote, na kuna mengi ya siku hizi yanayotumia magurudumu ya mbele na kuyaita ya nyuma pale tu ya mbele yanapoanza kuteleza. Lakini namna zote zinafanana kwa jambo moja: zinahusu nguvu inayotoka kwenye injini.

Ukikanyaga breki, habari ya injini imekwisha. Magari ya kawaida yote, hata yale madogo kabisa, yana breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachobaki ni mpira wa tairi na kile ulichokikanyaga. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lami kavu hukusimamisha kwa takriban mita 14 tangu breki ziume. Theluji iliyoshindiliwa hutaka kama mita 50. Barafu inaweza kutaka mita 100. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali huo huongezeka mara nne. Konani sheria ni hiyohiyo: kinachokuzuia usitoke nje ya barabara ni mshiko wa tairi, na mshiko huo hauongezeki kwa kuwa na difu nyingi.

Onyo linalofichwa

Naamini kiini cha ajali hizi kiko hapa. Gari la magurudumu mawili hukwambia ukweli mapema. Taa inapowaka kijani tairi zinazunguka bure, gari linayumba, nawe unajua leo hakuna mchezo. Gari la magurudumu manne huondoka kimya, kama vile lami ni kavu. Dereva anaamini barabara ni nzuri, anapanda hadi kilomita 90, kisha 100. Swali la kwanza kwa tairi zake linaulizwa na breki, akiwa katika mwendo huo, na kwa wakati huo jibu halimsaidii tena.

Mahali pabaya zaidi ni madaraja na njia za kupanda na kushuka barabara kuu. Daraja hupigwa na baridi juu na chini, hivyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi. Chumvi inayomwagwa nayo ina mpaka: lami ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hupungua nguvu sana, na barafu nyembamba usiyoiona hubaki palepale.

Ujuzi wetu wa matope hapa unaweza kutuponza. Kwenye matope tulifunzwa kukanyaga mafuta na kutopoteza mwendo, kwa sababu tairi hukwangua hadi ikutane na ardhi ngumu chini. Kwenye barafu hakuna ardhi ya kukwangua. Kila nguvu unayoongeza inaondoa mshiko mdogo uliobaki. Gari likianza kuserereka, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na peleka usukani huko taratibu. Ikibidi kusimama ghafla na gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. ABS itakuachia uwezo wa kukata kona, lakini haiwezi kukuongezea mshiko.

Fedha zianzie kwenye tairi

Mpira wa tairi za kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi za majira yote hustahimili zaidi, lakini kwenye baridi kali nazo hukakamaa. Tairi ya baridi imetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na utaitambua kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazithibitishi kwamba tairi ilipimwa kwenye theluji. Ndiyo maana Ujerumani haizitambui tena kuwa zinatosha barabara ikiwa na theluji. Quebec huwalazimisha wenye magari kufunga tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Minnesota haina sheria hiyo, hivyo uamuzi ni wako.

Gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele likiwa na tairi nzuri za baridi husimama mapema kuliko 4x4 kubwa yenye tairi za majira yote zilizoisha kashata. Na kama unayo 4x4, badilisha tairi zote nne pamoja, kwa kuwa tairi za vimo tofauti huchosha difu.

Kabla ya kuingia barabarani wakati wa theluji, tafuta uwanja mtupu wa kuegesha, nenda mwendo mdogo, kanyaga breki, uone gari linateleza hadi wapi. Barabarani, acha sekunde 8 hadi 10 kati yako na wa mbele.

Ndugu aliyefika juzi kutoka Dodoma, Bukavu au Kampala atakuuliza anunue gari gani la theluji. Kabla ya kumtajia jina la gari, mwambie atenge fedha za tairi, kisha mpeleke uwanjani akajaribu breki.